Vidole vipi hapa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanga vidole kwenye piano

Ninafundisha piano na kinanda hapa Tabora. Wengi wa wanafunzi wangu wametokea kwaya. Walianza kwa kusimama nyuma ya mpiga kinanda wa kanisa wakiiangalia mikono yake, wakajifunza do-re-mi, wakakabidhiwa kibodi siku mpigaji alipohamishwa kikazi. Wakifika kwa watunzi kama Bach, Mozart na Beethoven, tatizo lao haliwi kusoma nota. Nota wanazisoma. Kinachowakwamisha ni swali moja linalorudi kila wiki, mara nyingi likiambatana na picha ya ukurasa uliozungushiwa kalamu nyekundu: "Mwalimu, hapa vidole vipi?"

Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi. Nimetumia majina ya nota kwa herufi (C, D, E na kuendelea), kwa sababu do ya kwaya huhamahama kufuatana na wimbo, na ukizungumzia vidole ni lazima ujue ni kitufe kipi hasa.

Namba za vidole zinasomwaje?

Gumba ni 1, shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidole kidogo 5. Ni hivyo hivyo mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ni kama kioo cha wa kulia, kwa hiyo mikono ikipanda pamoja kutoka C, wa kulia unaanza na 1 na wa kushoto unaanza na 5.

Angalizo moja: ukipata kitabu cha zamani kilichochapwa Uingereza unaweza kukuta alama ya msalaba mdogo ikifuatana na namba zinazoishia 4. Huo ni mfumo wao wa kale. Msalaba ni gumba, na 1 ni shahada. Mwanafunzi mmoja aliniletea kitabu cha namna hiyo akilalamika kwamba kila skeli (nota zinazofuatana ngazi kwa ngazi) inamkunja mkono, na alikuwa na haki ya kulalamika, maana alikuwa akisogeza kila kidole nafasi moja pasipo kujua.

Nota nilizonazo hazina namba hata moja. Nianzie wapi?

Anzia mbele, usianzie nyuma. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote nitakayosema hapa, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa mfano.

Chukua Sonata ya C meja ya Mozart, K. 545, aliyoiandika mwaka 1788. Kuanzia kipimo cha 5 (kipimo ni kile kisehemu kati ya mistari miwili ya wima) mkono wa kulia unapiga skeli za kupanda na kushuka: ya kwanza inaanzia A, ya pili G, ya tatu F, ya nne E. Karibu kila anayeanza hupanda vizuri: A kwa 1, B kwa 2, C kwa 3, gumba linapita chini na kushika D, kisha 2, 3, 4, na A ya juu kwa kidole cha 5. Wakati wa kushuka anarudi alikopitia: 5, 4, 3, 2, 1, halafu 3 inavuka juu ya gumba, 2, na 1 kwenye A. Skeli imekwisha salama. Ila nota inayofuata ni G, na gumba limeshatumika kwenye A. Hapo gumba linaruka kutoka A kwenda G, mkono mzima unashtuka, na msikilizaji anasikia kama mtu amejikwaa kizingitini. Jambo hilo linatokea kila kipimo.

Sasa angalia mbele kwanza. Tunataka gumba lifike kwenye G ya kipimo kinachofuata. Basi hesabu kurudi nyuma: G kwa 1, A kwa 2, B kwa 3, C kwa 4. Kumbe wakati wa kushuka, baada ya gumba kushika D, kidole cha kuvuka juu yake ni cha 4 na siyo cha 3. Ukishuka 5, 4, 3, 2, 1, kisha 4, 3, 2, gumba linakusubiri kwenye G bila wewe kuruka popote. Na kwa kuwa vitufe vyote hapo ni vyeupe, mpango huo huo unakubali kwa skeli ya G, ya F na ya E. Kidole cha kuvuka kimebadilika, na ukurasa umelainika.

Ndiyo maana nasema kidole huchaguliwa na nota inayofuata. Ukiwa na kifungu kigumu, tafuta kwanza mahali ambapo huna hiari: nota ya juu kabisa ambako kidole cha 5 kinafaa, nota ya mwisho kabla ya kuruka mbali, kordi ambayo mkono wako unaishika kwa namna moja tu. Weka namba hapo. Kisha rudi nyuma kutoka hapo, nota kwa nota, mpaka ukutane na mwanzo. Namba za katikati mara nyingi zitajipanga zenyewe.

Namba zilizochapwa ni za mtunzi mwenyewe? Ni lazima nizifuate?

Mara nyingi si za mtunzi. Ni za mhariri aliyeandaa chapa hiyo, pengine miaka mia baada ya mtunzi kufa, naye alikuwa na mkono wake na mazoea yake. Beethoven na Chopin waliandika namba sehemu kadhaa, na hizo zinastahili heshima ya pekee kwa sababu zinakuonyesha sauti waliyoitaka. Bach ametuachia kidogo sana. Katika daftari alilolianza mwaka 1720 kwa ajili ya mwanawe Wilhelm Friedemann, kuna kipande kifupi chenye namba zake mwenyewe, na skeli ya mkono wa kulia inapanda kwa 3-4, 3-4, 3-4, kidole cha tatu kikivuka juu ya cha nne. Leo hakuna mwalimu anayekufundisha C meja hivyo. Bach aliishi wakati vinanda vilikuwa na vitufe vyepesi visivyoenda chini sana, na gumba lilikuwa bado linatafuta kazi yake.

Kwa upande mwingine kuna Debussy. Alipotunga etidi zake za piano (vipande vya kunoa ufundi wa vidole) mwaka 1915 hakuweka namba hata moja, na akaeleza katika utangulizi kwamba amefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mikono haifanani na kila mpigaji anapaswa kujitafutia vidole vyake.

Ushauri wangu: zipe namba za mhariri siku tatu za haki. Mara nyingi ameona jambo mbele ambalo wewe hujaliona. Zikikataa baada ya siku tatu, jiulize alikuwa anakwenda wapi, kisha tafuta njia yako ya kufika hapo hapo.

Mwanzo wa Für Elise unapigwa kwa vidole vipi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hata na watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya piano. Kipande hiki Beethoven alikitunga mwaka 1810, akafariki 1827, na kilichapwa mara ya kwanza 1867. Namba unazoziona kwenye nakala yako zimeongezwa na wahariri.

Ninayofundisha mimi ni hii: E kwa 5, D shapu kwa 4, tena 5, 4, 5, kisha B kwa 2, D kwa 4, C kwa 3, na A kwa gumba. Mkono haujahama. Vidole vyote vinaishi juu ya nyumba zao tangu mwanzo. Wapo wanaopenda kuanza na 4-3-4-3 kwa kuwa vidole hivyo vina nguvu zaidi, na sauti inapendeza, lakini katika nota nne za mwisho itabidi mkono ujikunje.

Baada ya A kuna pumziko fupi la mkono wa kulia. Wanafunzi wengi hulitumia kupumzika tu. Usilipoteze. Mapumziko ndiyo milango ambayo mtunzi amekuachia wazi ili uhame. Hapo hapo peleka gumba kwenye C ya chini, na utapiga C, E, A, kisha B, kwa 1, 2, 4, 5. Pumziko jingine, unahama tena: E, G shapu, B, kisha C, tena kwa 1, 2, 4, 5. Umbo la mkono ni lile lile, limehamia nyumba ya jirani. Halafu E ya chini kwa gumba, E ya juu kwa 5, na umerudi ulikoanza.

Polepole vidole vinakaa vizuri. Nikiongeza mwendo vinagongana. Kwa nini?

Kwa sababu ulichagua vidole ukiwa unatembea, na sasa unakimbia. Ukitembea, hata ukikanyaga vibaya una muda wa kujirekebisha. Ukipiga polepole, unaweza kuinua mkono mzima, kuuhamisha, kuushusha, na hakuna atakayesikia. Kwa mwendo halisi nafasi hiyo haipo. Kuna mipango ya vidole inayostarehesha polepole na kufa kabisa kwenye mwendo, na ipo mingine inayoonekana ya ajabu polepole lakini kwenye mwendo inateleza kama mtumbwi.

Kwa hiyo kabla hujajifunza kifungu kwa mwezi mzima, kijaribu kwa mwendo wake siku ya kwanza. Si chote. Chukua nota nane tu, zipige kwa kasi inayotakiwa, hata kama zimechafuka. Husikilizi usafi, unasikiliza kama mkono unabebwa au unakwama. Ukikwama, badilisha namba sasa, kabla vidole havijazikariri. Ukishapata mpango unaobebeka, ndipo urudi polepole na kuusafisha.

Jambo la pili ni gumba kuchelewa. Watu husubiri mpaka nota ya gumba ifike ndipo waanze kulisogeza. Hapa Tabora reli inagawanyika, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma, na njia hupangwa kabla treni haijafika kwenye makutano. Gumba nalo liwe hivyo. Mara tu linapoachia kitufe chake, lianze safari ya kwenda kitufe kijacho, taratibu, chini ya kiganja, wakati 2 na 3 zinafanya kazi. Na kiwiko kisiruke nje kama bawa la kuku. Mkono mzima uteleze pembeni, gumba lifuate.

Namna nzuri ya kulifanyia kazi hili ni kupiga kifungu kwa mafungu: nota zote zinazoshikwa bila mkono kuhama zipige kwa pamoja kama kordi, kisha hama, piga fungu linalofuata kwa pamoja. Kifungu cha nota kumi na sita kinaweza kuwa na mafungu manne tu. Ubongo unakumbuka vitu vinne kwa urahisi zaidi.

Nimeambiwa gumba haliruhusiwi kwenye kitufe cheusi. Ni kweli?

Katika skeli, ni kanuni nzuri. Gumba ni fupi, vitufe vyeusi viko juu na ndani zaidi, kwa hiyo gumba likienda huko mkono wote unavutwa ndani na vidole virefu vinasongamana kati ya vitufe. Carl Philipp Emanuel Bach, aliyechapa mafundisho yake huko Berlin mwaka 1753, ndiye aliyelieleza gumba kwa undani na kulipa cheo chake. Anasimulia kwamba baba yake, Johann Sebastian, alipokuwa kijana aliwasikia wapigaji wakubwa ambao hawakutumia gumba ila pale mkono ulipohitaji kutanuka sana. Kwa hiyo gumba lenyewe lilikuwa mgeni, na kanuni zake zilikuja baadaye.

Lakini kanuni ya skeli si sheria ya muziki wote. Etidi ya Chopin ya Op. 10 namba 5 inaupeleka mkono wa kulia kwenye vitufe vyeusi karibu mwanzo hadi mwisho. Gumba litakwenda wapi? Linaingia nao. Vidole vyote vikiwa ndani pamoja, hakuna anayesongamana. Kinachosumbua ni kuingia na kutoka kila baada ya nota mbili.

Chopin huyo huyo hakuanza kufundisha skeli kwa C meja. Aliwaanzisha wanafunzi kwa B meja, kwa kuwa vidole virefu vinalala kwenye vitufe vyeusi na vifupi kwenye vyeupe, kama mkono ulivyoumbwa. Nimejaribu njia hiyo kwa watoto na kwa watu wazima wa kwaya, na naiamini. C meja ni rahisi kuisoma, ila kwa vidole ni tambarare isiyo na alama.

Kidole changu cha 4 ni kizito. Nikikwepe?

Weka mkono mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vikae juu ya meza. Sasa inua kidole cha pete. Hakiinuki, au kinainuka kidogo mno. Huo si uvivu wako. Kano zinazoinua vidole zimeunganishwa kwa nyuzi nyuma ya kiganja, na kidole cha 4 ndicho kilichofungwa zaidi na majirani zake. Hakuna zoezi litakalozikata nyuzi hizo, na wala usijaribu. Robert Schumann alikuwa akijiandaa kuwa mpiga piano mkubwa, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia uliharibika, na ndoto hiyo ikaishia hapo. Sababu zake zinajadiliwa mpaka leo, lakini inajulikana kwamba alitumia kifaa cha kuvilazimisha vidole.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole cha 4 kikipiga peke yake kwa kujiinua, ni dhaifu. Kikipiga huku mkono na kigasha vimeegemea upande wake, kina nguvu ya kutosha. Usikiinue. Kiegemee.

Katika kuchagua, basi: nota yenye mkazo mkubwa usimpe 4 kama 3 anaweza kufika. Trili ndefu (nota mbili jirani zikipokezana haraka) ipige kwa 2-3 au 1-3, usiipige kwa 3-4. Lakini usikifukuze kabisa, maana kwenye skeli kidole cha 4 ndicho alama ya njia. Kinatumika mara moja tu katika kila oktava (kutoka nota hadi nota ya jina lile lile juu yake), kwa hiyo ukijua kinaposhuka, vingine vyote vinajulikana. Siri ambayo ningependa niwe nimeambiwa miaka mingi nyuma ni hii: katika F meja, B flati meja, E flati meja, A flati meja na D flati meja, kidole cha 4 cha mkono wa kulia kinashuka kwenye B flati. Zote tano. Watu wanakariri skeli tano, kumbe wangekariri nota moja.

Skeli ya kromatiki?

Hii ni ile inayopita kila kitufe, cheupe na cheusi, bila kuruka. Kidole cha 3 kwenye kila kitufe cheusi, gumba kwenye vyeupe. Panapokuwa na vyeupe viwili vinavyofuatana tumia 1 na 2: mkono wa kulia 2 anakaa kwenye F na C, wa kushoto anakaa kwenye E na B.

Mkono wangu ni mdogo. Oktava naifikia kwa shida, nifanyeje na kordi pana?

Oktava ya piano ya kawaida ni kama sentimita 16.5 kwa upana, na imekaa hivyo bila kuuliza mkono wa nani utaipiga. Usione aibu. Muziki mwingi uliandikwa na wanaume wenye mikono mikubwa wakijiandikia wenyewe.

Kwanza, tazama mkono mwingine unafanya nini. Mara nyingi nota ya katikati inayokutesa kulia inaweza kuchukuliwa na gumba la kushoto, na hakuna sikio litakalojua. Mistari miwili ya nota inaonyesha sauti zinavyokwenda, haikulazimishi mkono gani upige. Pili, kordi inaweza kupigwa kwa kuifungua, nota ya chini ikitangulia kidogo, huku pedali imeishika. Tatu, kama nota ya ndani inarudiwa na mkono mwingine, iache. Nota ya juu na ya chini ndizo zinazosikika, hizo usiziguse.

Katika oktava zinazofuatana, mwenye mkono wa kutosha hutumia 1-5 kwenye vyeupe na 1-4 kwenye vyeusi ili sauti ya juu iungane. Mwenye mkono mdogo atumie 1-5 popote, kiganja kikiwa chepesi, na pedali isaidie kuunganisha. Wazazi, tafadhali: msimvute mtoto vidole ili "vitanuke". Mkono wa mtoto wa miaka tisa utakua kwa wakati wake.

Na kama unajifunza kwenye kibodi ndogo, pima vitufe vyake. Baadhi ni vyembamba kuliko vya piano. Vidole ulivyopanga hapo vinaweza kukusaliti siku ukikaa kwenye piano yenyewe.

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa. Nyimbo za sauti nne zinanikatikakatika. Ni vidole?

Ni vidole, karibu kila mara. Piano ina pedali ya kuficha mapengo. Kinanda cha kanisa ukiachia kitufe sauti inakufa hapo hapo, kwa hiyo kila nafasi kati ya vidole inasikika hadi benchi la mwisho.

Dawa ni kubadilisha kidole kimyakimya. Umeshika nota kwa 3 na unahitaji kwenda juu zaidi: kabla hujaiachia, weka 1 kwenye kitufe hicho hicho, kisha ondoa 3. Sauti haijakatika na mkono umepata nafasi mpya. Ni mbinu ya kale. François Couperin aliifundisha Paris mwaka 1716. Ifanyie mazoezi kwanza kwenye sopran peke yake, kwa sababu waumini wanaifuata hiyo. Alto akikatika kidogo anasamehewa. Sopran hasamehewi.

Mbinu ya pili ni kuteleza: kidole kilicho kwenye kitufe cheusi kinaweza kushuka hadi cheupe cha jirani bila kubadilishwa. Gumba nalo linaweza kuteleza kutoka cheupe hadi cheupe, kwa kutumia ncha na kisha fundo lake.

Mbinu ya tatu: sauti ya teno isiachiwe mkono wa kushoto tu. Besi ikishuka mbali, gumba la kulia liichukue teno. Weka alama ndogo ya penseli pale teno inapohama mkono, na uifuate katika beti zote. Mpigaji anayebadilisha vidole kila ubeti anajifunza wimbo ule ule mara nne bila kuujua.

Nota moja inayorudiwa haraka?

Badilisha vidole: 3-2-1, 3-2-1. Kila kidole kinaondoka kwa kujivuta ndani kidogo na kumpisha mwenzake. Kama piano yako vitufe vyake vinarudi polepole, na zile zilizo karibu na ziwa kule Kigoma huvimba kwa unyevu, hakuna kidole kitakachokusaidia. Mtafute fundi kwanza. Kwenye mwendo wa wastani, kidole kimoja kilicholegea kinatosha, na sauti inakuwa sawia zaidi.

Nimepiga kwa vidole vibaya miezi mingi. Nibadilishe au niache?

Inategemea kama vidole hivyo vinakuangusha au vinamkera tu mwalimu wako. Kama kifungu kinapita safi, kwa mwendo, mara tisa katika kumi, kiache hata kama namba zake ni za ajabu. Kama unaanguka mahali pale pale kila mara, badilisha, na ukubali gharama.

Nilipokuwa kijana nilijifunza Invenshen ya kwanza ya Bach, ya C meja, bila mtu wa kunisahihisha. Nota zake za kwanza, C, D, E, F, D, E, C, G, zinakaa vizuri kwa 1, 2, 3, 4, 2, 3, 1, 5, na hapo nilikuwa sawa. Mbele, ambako mikono inajibizana, nilikuwa nikiweka kidole chochote kilichokuwa karibu, kila siku chake. Nilipokuja kumpata mwalimu, hakusema lolote kuhusu sauti. Aliniomba nipige vipimo viwili mara tano huku yeye akiandika namba nilizotumia. Akanionyesha karatasi: safu tano, na hakuna mbili zilizofanana. Nililia nikiwa njiani kurudi nyumbani, si kwa kukaripiwa, maana hakunikaripia, ila kwa sababu nilielewa nimekuwa nikifanya kazi kubwa kwa miezi saba nisijenge kitu.

Ukibadilisha, usianze na kipande kizima. Chukua vipimo viwili, piga polepole kiasi kwamba kosa haliwezekani, kila mkono peke yake. Usipige toleo la zamani hata mara moja katika wiki hizo, hata kwa kumwonyesha rafiki. Vidole vina kumbukumbu ndefu, na ukivirudisha kwenye njia ya zamani kwa dakika tano umevirudisha siku tatu nyuma.

Sina piano nyumbani, na umeme ukikatika hata kibodi haisaidii.

Kupanga vidole ni kazi ambayo nusu yake haihitaji umeme. Kaa mezani na nota, penseli na mikono yako. Piga juu ya mbao huku ukiimba sauti. Utagundua mahali ambapo hujui kidole kinachofuata, maana mkono utasita. Andika namba hapo. Ukifika kwenye kibodi saa mbili za wiki ulizopangiwa, usizitumie kutafuta vidole. Zitumie kusikiliza.

Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora linatoa jasho hadi kwenye ncha za vidole. Kausha mikono, na usifanye uamuzi wa vidole siku hiyo kwenye vifungu vya kuteleza. Kidole kilichofaa asubuhi kitaonekana kibaya saa nane mchana.

Mkono unauma nikipiga kifungu fulani. Niendelee hadi uzoee?

Hapana. Acha papo hapo. Uchovu kidogo wa msuli unakubalika. Maumivu makali, ganzi au kuchoma kwenye kifundo havikubaliki. Mara nyingi kuna nota mbili zinazokulazimisha kutanua kidole cha 4 na cha 5 huku gumba limebana. Tafuta hizo mbili, badilisha namba, au hamishia nota moja mkono mwingine. Maumivu yakibaki siku kadhaa hata usipopiga, nenda hospitali.

Niandike namba juu ya kila nota?

Usiandike. Ukurasa uliojaa namba hausomeki, na jicho linaacha kuona nota. Andika pale mkono unapohama: gumba linapopita chini, kidole kinapovuka juu, unapobadilisha kimyakimya, na nota ya kwanza baada ya pumziko. Nota tano zinazofuatana bila kuhama zinahitaji namba moja tu, ya kwanza. Tumia penseli laini, kwenye fotokopi na siyo kwenye kitabu cha kuazima, na weka raba karibu, kwa kuwa wiki ijayo utaona kitu ambacho leo hukukiona.